Msiishie kwenye Mvule

(Maneno niliyowaambia wanafunzi wa kidato cha tatu na wazazi wao, jioni moja kabla ya ziara ya Msitu wa Rau na mfereji wa Mabogini, Moshi)

Mkuu wa shule, walimu, wazazi wenzangu, shikamooni mnaostahili shikamoo. Na nyie vijana, hamjambo? Sijasikia. Hamjambo? Ahaa, hapo sawa.

Nimepewa dakika ishirini. Mwalimu wenu wa jiografia ananifahamu, ndiyo maana kaniwekea saa ya mezani hapa mbele, niione vizuri. Mimi ni bwana shamba mstaafu. Miguu yangu imezeekea kwenye matope ya Mabogini na Chekereni, na pikipiki mbili za serikali zilinifia mikononi kule kule. Kwa hiyo msitegemee mambo ya mtaalamu wa misitu. Hayo mtayapata kesho kwa muongozaji.

Nilichokuja kusema ni kimoja. Watu wengi wakienda Rau huingia msituni, hufika kwenye ule mvule mkubwa, huukumbatia wapigwe picha, halafu hugeuza wakawahi mtori mjini. Wamemaliza. Mimi nawaomba kesho mkishaupita mvule msigeuze. Endeleeni kwa miguu mpaka mtokee kwenye majaruba ya mpunga, mfuate mfereji mpaka mkiani. Mkiani nimesema, kule unakokuwa mwembamba hata kuku anauruka.

Msitu wenyewe uko karibu. Kutoka mjini ni kama kilomita tatu, na ukubwa wake ni takriban hekta 570. Mtu wa baiskeli hatoki hata jasho. Lakini ukiingia, dakika tano tu, hukumbuki kama nyuma yako kuna bodaboda. Kuna kiza cha majani, ardhi inabonyea, na hewa ina ile harufu ya nguo zilizoanuliwa kabla hazijakauka. Sasa swali la jiografia ni hili, mlale nalo: msitu wa namna hii umefikaje pale? Mvua ya hapa mjini, mwaka wa kawaida, haifiki milimita 1,000. Ukishuka kuelekea Mabogini inazidi kupungua. Kule bila mfereji ni nchi ya migunga na mbuzi. Kwa mvua hiyo hatukustahili miti ambayo watu watatu wakishikana mikono hawaizunguki.

Jibu mtakuwa mmelikanyaga. Kule juu mlimani Kilimanjaro, upande wetu huu wa kusini, kwenye ukanda wa msitu, kuna sehemu zinapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Maji yale hayashuki yote kwa njia ya mto. Mengine yanazama, yanapenya kwenye mawe ya volkano yenye nyufa na vitundu, yanateremka gizani, na huku chini yanafumka kama chemchemi au yanatulia karibu na uso wa ardhi, mizizi inayafikia. Miti ya Rau inakunywa hapo. Ndiyo sababu wataalamu wanauita msitu wa maji ya chini ya ardhi. Huo ni msitu wa nchi ya mvua uliopata bahati ya kuota juu ya tangi.

Hapa naomba nisahihishe neno ambalo nimelisikia kwenye kila mkutano wa kijiji, na ujanani nililisema mwenyewe kwa sauti kubwa: kwamba Msitu wa Rau ndio unaotuletea maji. Hauleti. Unashika udongo, unapoza ardhi, hilo kweli na si dogo. Ila wenye kazi ya kuvuna mvua na ukungu ni msitu wa kule juu. Huu wa Rau ni mnywaji kama sisi, tofauti ni kwamba yeye aliwahi kufika. Mpunga ni mnywaji. Miwa ya TPC, kiwanda cha sukari kule chini, ni mnywaji. Wewe na ndoo yako pia. Wote tumeinamia mtungi mmoja. Kwa hiyo siku tukichimba visima na kufunga pampu mpaka maji yakashuka chini kuliko mizizi, wa kwanza kutueleza watakuwa ni hawa wazee wenye magome, nao hawatakuja na barua.

Haya, mvule. Mtaupenda, siwakatazi. Mtaambiwa una urefu wa mita 51 na umri wa miaka 200 na ushei. Mimi sikuwepo. Ninachokijua ni mambo madogo ambayo mara nyingi hayasemwi pale. Mvule una dume na jike. Mti mmoja hauzai peke yake. Jike likizaa, popo ndio wanaokula matunda na kutawanya mbegu usiku, kwa hiyo mkiona popo msiwarushie mawe, ni mabwana miti wasio na mshahara. Na ndani ya shina mvule hugandisha chokaa, ikawa jiwe kabisa. Seremala mmoja mzee wa Majengo aliwahi kunionyesha msumeno uliopoteza meno manne kwa mpigo. Kipande cha jiwe chenyewe alikiweka dirishani, cheupe, kama jino la ng'ombe. Alisema akiuziwa mvule kwanza anaugonga kwa kisigino cha shoka na kusikiliza.

Lakini mti ninaotaka muuulizie ni msoo. Huo hautangazwi sana. Jina lake la kisayansi ni Oxystigma msoo. Hermann Harms, mtaalamu wa mimea wa Kijerumani aliyeuandika vitabuni, aliliacha jina la wenyeji ndani ya jina la Kilatini. Duniani hauko sehemu nyingi, uko sehemu chache za Tanzania na Kenya, na umo kwenye orodha ya miti iliyo hatarini. Msiuchubue gome kutafuta dawa. Mbega mtawaona au hamtawaona, inategemea kelele zenu. Mkiwaona tazameni mikono: hawana kidole gumba.

Tuje kwenye mfereji, ndiko nyumbani kwangu.

Nyie mnaotoka Kibosho, Old Moshi, Kilema, Marangu, mfereji si jambo geni. Babu zenu walichimba mifongo, yaani mifereji ya Kichaga, kabla hatujaletewa vipimo vya aina yoyote. Wageni wa Kizungu waliofika Uchagani karne ya 19 walishangaa kuona maji yanatembea ubavuni mwa mlima, mbali na mto, yanavuka makorongo ndani ya magogo yaliyochongwa. Fundi alikuwa anasoma mteremko kwa macho na kwa maji yenyewe: unachimba hatua chache, unaruhusu maji, yakikwama umekosea. Mlango ulizibwa kwa vigogo vya migomba na mabonge ya nyasi. Mfongo ulikuwa na ukoo wake na msimamizi wake, na siku ya kuusafisha asiyetokea alitozwa. Sehemu nyingine waliweka bwawa dogo, nduwa, la kulaza maji ya usiku ili asubuhi yasiwe yamepotea bure. Huo ni utaalamu. Tusiuite wa kienyeji kwa sauti ile ya dharau.

Mtakaouona kesho ni mtoto mkubwa wa mifongo, amesomeshwa. Skimu ya umwagiliaji ya Chini Moshi, wenyewe huiita Lower Moshi, ilijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani na ikaanza kazi 1987. Maji yake yanatoka Mto Rau na Mto Njoro. Ramani ilikuwa ya hekta 2,300, katika hizo mpunga ulipangiwa 1,100, zikipokezana. Mashamba yalikatwa kwa kamba: mita 30 kwa 100, shamba moja, nyuzi nyoofu kama daftari la hesabu. Ikaja mbegu ya IR54, fupi, haianguki na upepo. Mkulima aliyekuwa anapata tani mbili kwa hekta akafikia sita. Nilishuhudia watu wakihesabu magunia mara mbili, siyo kwa uchu, kwa kutoamini.

Hapo hapo ndipo shida ilipozaliwa. Jirani aliye juu ya skimu, ambaye hakuwemo kwenye ramani, alikuwa anatazama. Yeye yuko karibu zaidi na mto kuliko sisi. Akaona mpunga unalipa, akachepusha mfereji wake, akapanda. Nani wa kumlaumu? Tuliandika kwenye mabango kwamba mpunga ni utajiri, tukawafundisha wakulima bure, halafu tukashangaa wamefundishika. Miaka michache tu baadaye maji yaliyofika banioni yalikuwa pungufu, na zile hekta 1,100 zikabaki kwenye karatasi.

Banio ni nini? Ni pale mto unapozuiwa ili sehemu ya maji iingie mferejini. Kesho simameni pale msiwe na haraka. Kuna lango la chuma na gurudumu la kuzungusha. Shikeni lile gurudumu, muulize kwanza. Lina grisi nyeusi iliyochanganyika na mchanga, na sehemu moja limeng'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Hapo ndipo kiganja cha mtu kinapokaa. Huyo mwenye lango ana madaraka kuliko diwani. Akizungusha robo, huku chini kuna mtu analala na mwingine anakesha.

Niwasimulie usiku mmoja. Mama yangu alikuwa na shamba moja, la mkiani. Zamu yake ya maji ilianza saa nne usiku. Ratiba ile, na hapa mnisitiri, niliiandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikaibandika kwenye ubao wa ofisi na nakala ilikuwa mfukoni. Tulikaa kwenye ukingo, mama, mdogo wangu na mimi. Saa nne. Saa tano. Mfereji unalia vyura, hakuna maji. Mama hakusema kitu, alikunja tu khanga begani akaniangalia. Nikachukua tochi, tukapanda na mdogo wangu kufuata mfereji kwenda juu.

Kama dakika arobaini tukaona tundu kwenye ukingo. Mfuko wa udongo umevutwa pembeni, maji yote yanaingia shambani kwa mtu, yanapiga kelele kama ya mahindi yakikaangwa. Na mwenyewe amekaa kwenye mpini wa jembe, kavaa koti kuukuu. Nilikuwa nimeshaandaa maneno tangu njiani. Nikamulika. Ni mzee, rika la baba yangu. Sasa ufanyeje? "Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Nilijua mtakuja. Hebu nisaidieni kuziba, mgongo unanisumbua."

Tukaziba. Tulipomaliza, mzee akasema zamu yake imeruka mara mbili, kwa sababu kuna watu juu yake wasio na zamu kabisa, na aliye juu zaidi yao hajui hata kama kuna ratiba. Nikagusa mfuko wangu, karatasi imelowa. Tulipanda naye mpaka banioni. Kulikuwa kunaanza kupambazuka. Lango liko wazi lote, gurudumu limefika mwisho, na mto uliokuwa ukija ungeweza kuuvuka bila kuvua viatu. Hakukuwa na mwizi pale. Kulikuwa na maji machache na watu wengi. Mwaka ule mama alipandikiza nusu ya shamba. Ile nusu nyingine, miche ilinyauka kwenye kitalu ikawa rangi ya mkeka.

Toka siku ile sikuandika tena ratiba bila kupanda juu kwanza kuona mto unasemaje.

Mzazi mmoja alinipigia simu wiki hii kuhusu malaria. Swali zuri. Majaruba yanazaa mbu, hilo halina ubishi, kwa hiyo vaeni mikono mirefu. Ila kuna jambo la ajabu. Mtafiti Jasper Ijumba na wenzake walichunguza eneo hili hili la Chini Moshi, matokeo yakatoka 2002. Kijiji cha mpunga kilikuwa na mbu wengi zaidi, lakini watu wake walikuwa na malaria kidogo kuliko wa kijiji cha nyika kisicho na umwagiliaji. Mwenye mpunga ana hela ya chandarua na ya dawa, na watoto wake wanakula vizuri. Kichocho ni habari nyingine. Msiingize miguu mferejini, hata kama mwenzako kakuambia ameogelea hapo tangu mdogo na yuko mzima.

Sasa kazi. Mwalimu anataka muandike ripoti, na mimi sitaki kusoma ripoti inayosema "tuliona mfereji mzuri". Pimeni. Kamba ya mita 10, mnainyoosha kando ya mfereji sehemu iliyonyooka. Dondosheni jani juu kidogo ya mwanzo wa kamba, lililoanguka lenyewe, la kuchuma sitaki, na mhesabu sekunde mpaka lifike mwisho. Fanyeni mara tatu, mtafute wastani. Tuseme sekunde 20: jani limekwenda nusu mita kwa sekunde. Maji ya chini yanakwenda polepole kuliko ya juu kwa sababu yanasuguana na sakafu na kuta, kwa hiyo zidisheni kwa 0.8, mnapata 0.4. Upana ukiwa mita moja na kina nusu mita, ni lita 200 kwa sekunde. Mzazi asiyependa hesabu anisamehe, tunakaribia.

Pimeni hivyo karibu na banio, kisha pimeni tena mkiani. Tuseme mkiani mmepata lita 20. Shamba moja la mita 30 kwa 100, ukitaka maji yasimame sentimita 10 ili uburuge, linahitaji mita za ujazo 300. Kwa lita 20 kwa sekunde ni saa nne na dakika kumi, bila kuhesabu yanayonyonywa na ardhi, bila kuhesabu kaa waliotoboa kingo. Na wenye mashamba wako kwenye foleni. Mkifika hapo mtaelewa kwa nini mama alikunja khanga akaniangalia.

Kuna kina mama mtawakuta wanapandikiza. Wasalimieni kwanza kabla ya simu zenu kutoka mifukoni, na picha muombe. Wakiwaambia mjaribu, jaribuni: miche miwili au mitatu kwa shina, vidole viwili vinaingia kwenye tope, unaiachia, unarudi nyuma hatua. Baada ya dakika kumi kiuno chenu kitawaambia bei ya mchele ni ndogo mno. Kama mpunga uko karibu kuiva mtawaona pia watoto wanaoamia ndege, na mabati na teo zao. Msiwacheke, wako kazini, na kwelea kwelea wanaweza kumaliza shamba ukirudi kula ugali.

Na mkiani maji hayaishi, muulize yanakwenda wapi. Yanaingia kwenye mtaro wa kutolea, yanarudi bondeni, yanateremka kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu. Pale yanazungusha mitambo ya umeme. Yanaendelea na Mto Pangani, yanazungusha tena kule Hale na maporomoko ya Pangani, ndipo yaione bahari. Kwa hiyo hata hii taa iliyo juu ya kichwa cha mwalimu iko kwenye foleni moja na mama yangu.

Saa ya mwalimu inasema nimepitiliza dakika sita. Vaeni viatu vya kufunga, siyo malapa. Maji ya kunywa, kofia, daftari, penseli maana kalamu ya wino ikilowa umeumia. Kamba nitakuja nayo mimi. Tunaanzia msituni saa moja kamili, mbega wakiwa bado wanaota jua juu ya miti. Gari linaondoka hapa getini saa kumi na mbili na nusu. Atakayechelewa apande bodaboda, aseme banioni, Mabogini. Atatukuta pale saa nne.